Kibali cha Asali Kianzie Mzingani



Pipa la asali likifika bandarini Dar es Salaam, limefungwa vizuri na kubandikwa karatasi zake zote, hakuna mtu awezaye kulitazama kwa macho akajua limetoka wapi. Huenda asali iliyomo ni ya mfugaji mmoja wa Sikonge aliyetundika mizinga mia mbili porini. Huenda pia ni ya wafugaji hamsini wa vijiji kumi, iliyomiminwa katika ndoo, kutoka ndoo ikaingia madumuni, kutoka madumuni ikaingia pipani, ikipita mikononi mwa wachuuzi watatu au wanne ambao hakuna hata mmoja aliyeandika kitu. Juu ya pipa hilo Serikali huweka kibali. Kwa kibali hicho Taifa zima huwaambia walaji wa nchi za mbali kwamba hiyo ni asali kweli, kwamba ni safi, na kwamba ni ya Tanzania. Swali linalostahili kuulizwa na kila mtumishi mwenye mhuri mezani kwake ni hili: Serikali imeyajuaje hayo?

Wapo wanaosema kwamba kibali cha kusafirisha asali nje ni kodi iliyovishwa kanzu nyingine. Wapo pia, hasa maofisini, wanaoamini kwamba fomu ikishajazwa, ada ikishalipwa na mhuri ukishapigwa, basi kazi ya Serikali imekwisha. Kambi hizi mbili hazipatani kamwe, lakini kosa lao ni moja: zote zinaitazama karatasi, wala haziutazami mzinga.

Yafaa kurudi nyuma kidogo. Watu wa Unyamwezi, Ukonongo, Ukimbu na nchi za jirani walitundika mizinga ya magogo na ya magome katika miombo kabla hapajakuwa na ofisi yoyote ya nyuki. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa dawa, na ilikuwa wanzuki wa sherehe. Iliyokwenda ng'ambo hasa ilikuwa nta. Wakati wa utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa pwani kwenda Ulaya. Waingereza nao wakaiendeleza biashara hiyo, na mwaka 1949 wakaunda kitengo maalum cha kushughulikia ufugaji nyuki. Nta haina matata. Haichachi wala haiozi, na mnunuzi huiyeyusha upya, huichuja, kisha huifanyia mishumaa, dawa za kung'arishia viatu au vipodozi. Anayenunua nta yenye takataka hupata hasara ya uzito tu.

Asali ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa asali huliwa, na mara nyingi huliwa na mtoto na mgonjwa. Kitu cha kuliwa hufuatwa na sheria za chakula kokote kiendako. Ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulionyesha mapema jinsi jambo hilo linavyoweza kusimamiwa: asali ya mikono mingi iliingia nyumba moja, ikapimwa, ikachujwa na kufungashwa pamoja. Baadaye ilikuja Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998, ikafuatwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya 2002 na kanuni zake za 2005. Kwa sheria hiyo biashara ya mazao ya nyuki, pamoja na kuyapeleka nje ya nchi, iko chini ya mamlaka ya misitu na nyuki katika Wizara ya Maliasili na Utalii.

Nyaraka za Serikali kwa miaka mingi zimetaja kwamba nchi ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kila mwaka. Tarakimu hizo zimerudiwa katika hotuba nyingi kiasi cha kufanana na mali iliyokwisha kuwekwa benki. Si mali bado, ni maua. Asali inayovunwa kweli, kwa hesabu zinazotolewa mara kwa mara, ni kiasi cha tani 30,000 na ushei, na inayofika masoko ya ng'ambo ikiwa na karatasi zake ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Kati ya ua na benki pana safari ndefu, na kibali ni mojawapo ya madaraja ya safari hiyo.

Ili kuelewa kwa nini daraja hilo halina budi kulindwa, yatosha kukumbuka yaliyoipata China. Mwezi Januari 2002 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa asali na mazao mengine ya wanyama kutoka nchi hiyo baada ya kuonekana mabaki ya dawa, ikiwamo kloramfenikoli, ambayo hairuhusiwi kabisa katika chakula. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Hata hivyo asali yake haikurudi katika masoko ya Ulaya mpaka 2004. Mwaka 2010 zamu ilikuwa ya India, nayo ikangoja hadi 2011. Katika visa vyote viwili aliyefungiwa mlango hakuwa kampuni fulani yenye makosa. Ilikuwa nchi nzima, pamoja na mfugaji wa kijijini ambaye hajawahi kuishika dawa hiyo mkononi.

Ndivyo utaratibu ulivyojengwa. Tangu agizo la Umoja wa Ulaya la 1996 kuhusu mabaki ya dawa na sumu, nchi itakayo kuuza asali huko haina budi kuwa na mpango wa kuyatafuta mabaki hayo katika asali yake yenyewe, kuupeleka mpango huo kila mwaka pamoja na matokeo ya vipimo, na kuingizwa katika orodha. Isiyo katika orodha haiuzi hata chupa moja. Uganda iliingizwa 2005, Ethiopia 2008. Tanzania nayo imekuwamo kwa miaka mingi. Tangu mwishoni mwa 2024 masharti yameongezwa, na kiwanda kinachotayarisha asali nacho lazima kiwe kimeorodheshwa. Nafasi katika orodha hiyo haimilikiwi na mfanyabiashara yeyote. Ni kama kisima cha kijiji: akitokea mmoja akatia uchafu, wote hulala na kiu. Kwa sababu hiyo hoja ya kwamba Serikali ijiondoe kabisa, kila mwenye pipa asafirishe apendavyo na soko lihukumu, haina mguu wa kusimamia. Soko likihukumu litamhukumu Mtanzania yeyote yule, si yule aliyekosa.

Lakini kuilinda orodha ni kujua kilichomo pipani, na hapa ndugu walimu wanahusika kuliko wanavyodhani.

Kwanza ni maji. Utamu ambao nyuki huufyonza katika maua una maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu yake. Nyuki huupepea kwa mbawa usiku na mchana mpaka maji yapungue, kisha huufunika kwa nta. Kifuniko hicho cha nta ndicho cheti cha kwanza cha ubora, nacho hutolewa na nyuki mwenyewe bila ada. Viwango vya kimataifa, na vya Ulaya pia, vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira za asili zilizomo huamka, asali huanza kutoa povu na harufu ya pombe. Mrina anayekata masega yote kwa pamoja, yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, yenye asali na yenye majana, akayakamua katika ndoo moja, huwa ameuvuruga ule ushahidi wa nyuki. Tena asali hunyonya unyevu wa hewani. Ndoo iliyoachwa wazi msimu wa mvua huongezeka maji pasipo mtu kuimwagia hata tone, na mwenyewe akiambiwa kwamba asali yake ina maji atadhani ametukanwa.

Pili ni moto. Asali ikipashwa joto, au ikikaa muda mrefu mahali penye joto, sukari zake hubadilika na kutoa kemikali inayofupishwa kwa herufi HMF. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 katika kilo; kwa asali ya nchi za joto kimeruhusiwa 80. Hiyo 80 si hisani. Ni kukiri tu kwamba jua la Mpanda si jua la Hamburg. Pamoja na nafuu hiyo, pipa lililokaa miezi chini ya bati linaweza kukivuka kipimo likiwa halijaguswa na mtu. Mbaya zaidi ni desturi ya kuichemsha asali iliyoganda. Mjini walaji wengi wanaamini kwamba asali ikiganda imetiwa sukari, na muuzaji kwa kuogopa lawama huibandika motoni. Kuganda ni tabia ya asali; asali nyingi safi hatimaye huganda. Imani hiyo potofu imeharibu asali nzuri nyingi, na hakuna mhuri uwezao kuiondoa. Mwalimu wa sayansi anaweza kuiondoa kwa somo moja la dakika arobaini, kwa chupa mbili na bakuli la maji ya vuguvugu.

Tatu ni mabaki ya dawa na sumu. Hapa hali ya Tanzania ni ya ajabu kidogo. Mfugaji wa miombo hawatibu nyuki wake kwa viuavijasumu. Hata baada ya kupe wa nyuki aitwaye Varroa kuonekana nchini mwaka 2009, makundi ya nyuki yameendelea kujikimu yenyewe pasipo dawa. Kwa hiyo asali hii ina kile ambacho nchi tajiri zinakitafuta kwa gharama kubwa. Lakini mnunuzi hanunui usafi anaosimuliwa. Hununua usafi uliopimwa. Kanuni za Ulaya zilizotumika hadi 2022 zilitaka angalau sampuli 10 kwa kila tani 300, kwa tani 3,000 za mwanzo za uzalishaji. Yaani sampuli 100 kwa tani hizo 3,000. Kila sampuli huhitaji mitambo ya bei kubwa, kemikali, na mtaalamu aliyefundishwa. Ada ya kibali ikikusanywa kisha ikatumika kwa mambo mengine huku maabara ikingoja kemikali, hapo wale wanaosema kibali ni kodi watakuwa wamepewa ushahidi wao bure.

Tena usafi wa porini una mipaka yake. Tabora ni mkoa wa nyuki na ni mkoa wa tumbaku. Upande wa Kahama pamba na nyuki ni majirani. Nyuki huruka kilometa tatu, na pengine zaidi, kutafuta chakula, wala hawasomi mabango ya mipaka ya mashamba. Sumu iliyopulizwiwa tumbaku Jumatatu inaweza kufika mzingani kabla ya juma kwisha. Mfugaji aliyetundika mizinga yake mbali, katika misitu ya Inyonga au Kipembawe, ana asali ya namna moja. Aliyetundika ukingoni mwa shamba ana nyingine. Zikimiminwa katika dumu moja, ya kwanza hupoteza sifa yake na ya pili haipati sifa yoyote.

Sasa laonekana tatizo lenyewe lilipo. Maswali yote ya maana juu ya asali yana majibu yake siku ya kuvuna na mahali pa kuvuna: sega lilikuwa limefunikwa? ndoo ilikuwa na nini kabla yake? shamba la karibu liko umbali gani? Kibali hutolewa miezi kadhaa baadaye, mjini, na ofisa ambaye mbele yake ana fomu, risiti na labda chupa ya sampuli. Ofisa huyo akiwa mwaminifu kama malaika, bado hana awezacho kukijua isipokuwa kile kilichoandikwa na waliomtangulia. Na waliomtangulia hawakuandika. Maabara inaweza kusema pipa hili ni baya, lakini haiwezi kusema ni ndoo ipi kati ya ndoo 15 iliyoliharibu. Basi hulaumiwa wote, au halaumiwi yeyote, na msimu unaofuata mambo hurudi yale yale.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya udanganyifu uliozagaa duniani. Katika uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotangazwa mwezi Machi 2023, shehena 320 za asali kutoka nchi mbalimbali zilipimwa, na 147 kati yake, yaani asilimia 46, zilishukiwa kuwa zimechanganywa na sharubati za sukari. Mnunuzi aliyeumwa na nyoka huyo hushtukia hata ung'ongo. Anataka kujua asali imetoka wapi, na jina la nchi peke yake halimtoshi.

Kwa upande wa mfanyabiashara, hasa yule mdogo au chama cha wafugaji kinachotaka kuuza chenyewe bila kupitia kwa mchuuzi, ugumu ni wa namna nyingine. Kibali cha mamlaka ya nyuki ni karatasi moja tu. Pana ubora wa chakula, ambao shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwezi Julai 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Pana cheti cha afya ya mazao ya mifugo, pana cheti cha asili ya bidhaa, pana forodha. Kila ofisi ina sababu yake nzuri ukiisikiliza peke yake. Ukiziweka pamoja, utaona nyingine zinauliza swali lile lile kwa ada tofauti. Serikali yenyewe, katika mpango wake wa 2018 wa kurekebisha mifumo ya udhibiti wa biashara, ilikiri kwamba mamlaka zake zimepandana na tozo zimerundikana. Kukiri huko kulikuwa jambo la ujasiri, na lingekuwa la ujasiri zaidi kama kila idara ingeanza na mhuri wake yenyewe badala ya kuelekeza kidole kwa mhuri wa jirani.

Mwenye kampuni kubwa huajiri karani wa kuzungukia ofisi hizo. Mwenyekiti wa chama cha wafugaji kutoka Mlele hana karani. Nauli, malazi na siku za kungoja humla faida kabla asali haijatoka. Afanye nini? Huuza ndoo zake kwa mchuuzi aliyekuja na lori, kwa bei ya mchuuzi. Nyingine huvuka mipaka ya kaskazini na magharibi ndani ya madumu ya njano, bila kipimo wala jina, na ikishavuka haihesabiwi tena kuwa ya Tanzania. Urasimu haukuizuia asali hiyo kutoka nje. Uliizuia kutoka ikiwa na jina.

Kuna dawa moja ambayo hupendekezwa mara kwa mara na watu wenye nia njema: kwamba vibali vitolewe kwa makampuni machache makubwa, ili udhibiti uwe mwepesi. Ni kweli kwamba ni rahisi kuwachunga ng'ombe watano kuliko mia. Lakini nchi hii imekwisha kupita njia ya mlango mmoja. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zikashika nafasi yao, na mkulima akabaki na hati mkononi akingoja fedha. Ndipo sheria ya 1982 ikaurudisha ushirika. Wanunuzi wachache wakijua kwamba mfugaji hana pengine pa kwenda, bei itapangwa na wao. Na mfugaji anayelipwa bei moja kwa asali mbivu na mbichi, safi na chafu, ana sababu gani ya kuacha masega ambayo hayajafunikwa mpaka yaive? Ubora nao ungefuata bei kwenda chini.

Kinachotakiwa ni kuanzisha kibali kule inakoanzia asali. Kila kikundi kiwe na daftari. Si lazima liwe la kitaalamu. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha kwa msimu. Kila ndoo iwe na namba isiyofutika. Pembeni ya namba iandikwe jina la mfugaji, msitu au eneo la mizinga, tarehe ya kuvuna, uzito, na kiasi cha maji kama kilivyosomwa kwa kipimo kile kidogo kinachoingia mfuko wa shati na kusomwa kwa kukielekeza kwenye mwanga. Chombo hicho hakihitaji umeme. Kila kata yenye wafugaji ingekuwa na kimoja tu, ugomvi mwingi kati ya mfugaji na mnunuzi ungekwisha pale pale penye mizani. Ndoo zikimiminwa pipani, namba zake zote ziandikwe juu ya hati ya pipa, na chupa ndogo ya mchanganyiko huo ifungwe na kuhifadhiwa hadi pipa litakapopokewa na mnunuzi wa ng'ambo. Hapo ofisa wa vibali mjini hatauliza tena maswali asiyoweza kuyapatia majibu. Atasoma. Akiulizwa na mnunuzi kuhusu pipa fulani, atajibu siku ile ile.

Mabwana nyuki wa wilaya ni wachache, na wengine wana eneo kubwa kuliko baadhi ya mikoa ya nchi nyingine. Haitarajiwi wasimame kando ya kila ndoo. Kazi yao iwe kuyakagua madaftari kwa kushtukiza, kuwafundisha viongozi wa vikundi, na kuchukua sampuli pale wanapotilia shaka. Anayeweza kulitunza daftari kijijini yupo: mtendaji wa kijiji, katibu wa kikundi, na mahali pengi mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka na hesabu isiyotetereka.

Lakini pana jambo ambalo lisiposemwa waziwazi daftari litakuwa kazi bure. Mizinga mingi haitundikwi nyuma ya nyumba. Imetundikwa mbali, ndani ya misitu ya hifadhi, ambako wafugaji hupiga kambi kwa majuma. Mipaka ya maeneo hayo imekuwa ikibadilika. Pori la akiba la Ugalla, ambalo warina walikuwa wamezoea kuingia kwa msimu, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa, na katika hifadhi ya taifa shughuli za namna hiyo haziruhusiwi. Uhifadhi una haki yake na sababu zake. Hata hivyo, mfugaji ambaye babu yake alitundika mizinga mahali fulani, na ambaye hajaonyeshwa mahali pengine, akiulizwa "asali hii umeitoa msitu gani?" atajibu nini? Atataja msitu usio na lawama. Nalo daftari litajaa majina ya misitu mizuri iliyotoa asali kuliko maua yake yanavyoweza kutoa.

Ofisi ile ile inayotaka kujua asali imetoka wapi ndiyo inayowakamata watu kwa kuwa mahali fulani. Haiwezekani kuvishika vyote viwili kwa mkono mmoja. Ama vijiji vitengewe hifadhi zao za nyuki kama Sheria ya 2002 inavyoruhusu, zipimwe, zijulikane, ili mfugaji awe na jina halali la kuandika. Ama Serikali ikubali kwamba kibali chake kinasimama juu ya uongo ambao imeulazimisha yenyewe. Kutenga hifadhi ya kijiji ni kazi ya vikao, ramani na uvumilivu, na haina fahari ya uzinduzi wa kiwanda. Lakini kiwanda kisichojua asali yake imetoka wapi kitasindika tetesi.

Kwa maofisi ya mjini mambo ni machache. Muda wa kushughulikia ombi la kibali utangazwe na kubandikwa ukutani. Anayekataliwa aandikiwe sababu, ili ajue la kurekebisha. Jibu la "njoo kesho" si sababu. Ada ijulikane na sehemu yake irudi katika vipimo. Na vyama vya wafugaji vyenye madaftari yaliyokaguliwa vipewe kibali cha msimu mzima badala ya kuomba upya kwa kila shehena, maana chama kilichotunza hesabu zake kimekwisha kufanya nusu ya kazi ya ofisa.

Kuanzia tarehe 14 Juni 2026, kwa agizo la Umoja wa Ulaya la 2024, chupa ya asali ya mchanganyiko inayouzwa katika nchi za umoja huo hutakiwa kuonyesha majina ya nchi ilikotoka na sehemu ya kila nchi kwa asilimia. Kabla ya hapo asali ya miombo ingeweza kuingia katika pipa kubwa la mchanganyiko na kuandikwa tu kwamba imetoka "nje ya Umoja wa Ulaya", bila mtu yeyote kujua kwamba kuna nchi inayoitwa Tanzania. Mtengenezaji wa huko anayetaka kuandika asilimia hizo atahitaji hati kutoka kwa muuzaji wake, muuzaji atazihitaji kutoka bandarini, na bandari kutoka kwa kiwanda cha Tabora au Mpanda. Kiwanda nacho kitatuma mtu kijijini kuuliza namba za ndoo. Warina wa mavuno yajayo watarudi kutoka kambini baada ya mvua kukoma, na madaftari yanapaswa kuwa yamefika kabla yao.